Mwaka Niliokuwa Pua ya Gunilla

Karin alinipigia simu Jumanne moja ya mwezi wa pili, niko napiga pasi, akasema mama yake, Gunilla, anatimiza miaka tisini Jumamosi na angependa niwepo. Hakuzunguka. Waswidi hawazunguki, hata salamu wanaikata katikati. "Anakutaja sana," akasema, "na siku hizi yuko huko huko kwenu Hässelby, kwenye nyumba ya wazee." Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu, nikakata simu, nikageuka, na blauzi nilikuwa nimeshaiunguza. Ratiba gani, jamani? Naishi peke yangu, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka hapo alipopataja, na Jumamosi zangu zinajulikana: sokoni, kufua, na jioni simu ya Dodoma. Nilikuwa sijaonana na Gunilla kwa miaka ishirini na saba, na si kwamba alipotea. Mimi ndiye niliyemkwepa. Niliwahi kuliona koti lake la kijani kwenye ngazi za stesheni ya mjini, nikajibanza nyuma ya mashine ya tiketi kama mwizi, mtu mzima na akili zangu timamu. Kisa chenyewe ni mchana mmoja wa mwezi wa kumi. Nilitakiwa kusema neno moja, sikulisema, na yeye akapoteza kazi aliyoijenga maisha yake yote.

Nitausimulia mwaka ule tu. Nilifikaje Sweden, nani alinileta na kwa nini hakubaki, hayo si ya hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Fittja, pembezoni mwa mji, kwa Mama Safina. Chumba kilikuwa na kitanda changu, cherehani yake, na mafurushi mawili ya nguo alizokuwa akizikusanya kwa ajili ya ndugu zake Kampala. Dirisha lilitazama maegesho ya magari. Mama Safina alikuwa Mganda, mjane, Mwislamu wa swala tano, mpishi kwenye jiko la shule, na watoto wake watatu aliwasemesha Kiswahili na Kiganda nao wakamjibu Kiswidi bila kuinua macho. "Safina, umekula?" "Ja, mamma." Basi, maongezi yamekwisha. Nadhani ndiyo maana alinipenda mwanzoni, mimi nilimjibu kwa lugha aliyoniulizia. Alipika matoke na mchuzi wa karanga, akanipakulia sahani kubwa kuliko za watoto, akasema, "Kula, nyabo," yaani bibie kwa Kiganda chake, "wewe ni mifupa tu." Miezi miwili ya kwanza nilikula pale kama mtu wa nyumbani.

Kwa Gunilla nilikwenda kufanya usafi. Alikuwa muagizaji wa mvinyo wa Ureno, mweupe na mwekundu, akiwauzia wenye mahoteli na migahawa, na shughuli yote aliifanya peke yake katika chumba kilichozama nusu ardhini huko Kungsholmen, katikati ya mji, kiasi kwamba dirishani uliona miguu tu ya wapita njia. Palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, rafu za chupa zilizolazwa, chumba kidogo cha jiko la kahawa pembeni na beseni la kuoshea. Glasi za mvinyo haziguswi na sabuni. Ni maji ya moto matupu, kisha unazishika juu ya mvuke na kuzifuta kwa kitambaa cha kitani mpaka ukizinusa usikute kitu. Gunilla alikuwa na miaka sitini na mitatu, mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Siku ya kwanza nilimwita Mama. "Mimi si mama yako," akasema. "Niite Gunilla." Nikasema, "Sawa, Mama Gunilla." Akacheka, akasema basi angalau jambo moja tukubaliane: nikiona amekosea nimwambie, papo hapo, mbele ya yeyote. Niliitikia vizuri tu, huku najua moyoni kwamba mtu wa umri ule mimi simwambii kitu.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye beseni, yeye mezani amejimiminia mvinyo mweupe, anaandika kwenye daftari. Harufu ikanifikia. Nikasema bila kufikiri, kama unavyosema jamani wali unaungua, "Hiyo imeingiwa na nini? Inanuka boksi lililonyeshewa." Kalamu yake ikasimama. Aliinua glasi, akanusa, akanusa tena, na uso wake haukubadilika hata kidogo. "Una hakika?" akauliza. Nikadhani nimekosa adabu, nikaanza kuomba radhi. Kumbe vizibo vya chupa vina ugonjwa wao, na chupa iliyoupata hunuka ukungu na karatasi iliyolowa, na mtu yeyote wa kazi ile huitambua kabla glasi haijafika mdomoni. Gunilla alikuwa ameshaandika nusu ukurasa wa kuusifu mvinyo ule.

Alifunga mlango, akakaa, akaniambia. Mwezi wa kwanza aliteleza kwenye barafu mbele ya nyumba yake, kisogo kikapiga ukingo wa njia, na alipotoka hospitali kahawa haikuwa na harufu. Wala sabuni, wala kichwa cha mjukuu wake mchanga. Madaktari walimwambia labda itarudi, labda haitarudi. Hakumwambia mtu, hata Karin, binti yake. "Watu wananunua kwangu kwa sababu nikisema mvinyo ni mzuri, ni mzuri," akasema. "Siku wakijua siwezi kunusa, nimekwisha." Aliangalia mikono yake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Wewe utaninusia?" Tangu nifike nchi ile nilikuwa sijaombwa chochote na mtu isipokuwa kitambulisho. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, na haki ya Mungu siku ile nilirudi Fittja nikitabasamu peke yangu kwenye treni.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuonja, na mpaka leo ndivyo ninavyoonja. Kwanza macho: unalaza glasi juu ya kitambaa cheupe, unaangalia rangi pembeni, mwekundu unaozeeka huanza kugeuka tofali kwenye ukingo, mweupe huanza kuwa kama chai nyepesi. Kisha pua, kabla hujaizungusha glasi na baada ya kuizungusha. Kisha unapiga funda, unavuta hewa kidogo juu yake, na hapa mtu asiyejua anacheka kwa sababu unatoa mlio wa mtoto anayekunywa uji, halafu unatema kwenye ndoo. Halafu unahesabu ladha inakaa mpaka lini. Wote wanaoonja hunyamaza mpaka kila mmoja ameandika lake, ili asiambukize wenzake. Sisi wawili tulifanya kinyume. Nilifumba macho, nikasema chochote kilichonijia, yeye akaandika. Na mimi nilikuwa na maneno gani? Yale ya kwetu. Mweupe wa zabibu iitwayo Arinto nilisema una ukali wa ubuyu, ule unaokufanya ufumbe jicho moja. Alvarinho wa kaskazini nilisema maua ya mlimao na jiwe lililomwagiwa maji. Mwekundu wa Baga ulikuwa zambarau, majani makavu ya chai, na moshi kwenye nguo. Na mwekundu wa Touriga nilisema, "Poda ya mtoto," nikaona haya, nikadhani nimeropoka. Gunilla alipiga meza. "Viol!" akasema. Ni ua dogo la rangi ya zambarau ambalo mimi nilikuwa sijaliona maishani. Poda za watoto na ua hilo harufu moja. Alikuwa na miaka thelathini ya mvinyo wa Ureno kichwani, kila shamba na kila mwaka wa mvua, na mimi nilikuwa na pua, basi tukawa mtu mmoja mzima.

Watu wakisikia ninatoka Dodoma husema aa, huko zabibu zinalimwa, ndiyo maana. Si ndiyo maana. Zabibu zetu tulizichuma zikapakiwa kwenye malori, na divai niliyoijua ni ile ya kanisani, kijiko kimoja. Pua niliipata tu, kama wengine wanavyopata sauti. Lakini mwaka ule nilikuwa sijui kwamba ni kipaji. Nilijua tu kwamba kuna chumba kimoja mjini ambamo nikisema kitu, mtu anaandika.

Chakula cha mchana tulikula pamoja kwenye meza ile ile, kitambaa kikikunjwa upande mmoja. Samaki wa siki, viazi vya kuchemsha, mkate mkavu unaolia unapoutafuna; Alhamisi supu ya njegere. Gunilla alijaza haradali na chumvi mpaka nikaogopea figo zake. Mkate mkavu aliupenda kwa ule mlio tu, alisema angalau anausikia. Siku moja alimimina maziwa kwenye kahawa yangu nikayanusa yamechacha. Nilinyamaza, nikayanywa. Kesho yake akagundua tarehe kwenye pakiti, akanijia juu kweli kweli. "Uliyanywa? Kwa nini hukusema?" Nikasema yalikuwa sawa tu. "Foibe! Nakulipa ili uniambie!" Nikainama nikaosha vikombe. Leo nikikumbuka kisa kile cha maziwa najiuliza kilihitaji kunionya kwa lugha gani tena.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Hata ukitema, mvinyo hubaki kwenye pumzi, kwenye mikono ya sweta, kwenye nywele. Mama Safina alianza kufungua madirisha ninapoingia, katikati ya mwezi wa tatu, baridi inakata masikio. Akaniambia kwa upole kwamba kwenye zamu yetu ya chumba cha kufulia cha jengo, nguo zangu nizifue mwisho, baada ya za watoto. Nikamwambia, "Mama Safina, mimi sinywi. Naonja tu, halafu natema." Akanitazama. "Banange! Mtu anakulipa kutema?" Watoto wakacheka, na nikacheka nao, nikadhani yamekwisha. Usiku wa Ijumaa nikamsikia jikoni kwenye simu na rafiki yake Mkenya wa mtaa wa Alby: "Msichana mzuri, mimi sikatai, lakini pombe imemshika. Kila siku! Tena anarudi nayo mchana kweupe. Nitamwombea, nitafanya nini?" Nilikuwa nimesimama kwenye korido na sahani mkononi. Nilirudi chumbani na njaa yangu, nikakaa kati ya cherehani na mafurushi, na kuanzia hapo nikawa nakula mkate mjini kabla ya kupanda treni ili nisiwatie mashakani mezani. Hakunifukuza na hakunisema vibaya usoni. Sahani yangu ikawa inafunikwa na kuachwa jikoni, basi.

Kiangazi kilipofika Gunilla alikwenda Ureno wiki tatu kwenye mashamba, akasema hawezi kunichukua, wakulima wangeuliza huyu ni nani. Nikakaa Fittja. Jua lile la saa nne usiku lilinitesa kuliko giza la Desemba, kwa sababu kila mtu alikuwa nje na mtu wake. Nilishuka mpaka ziwani, nikatazama familia zinachoma nyama, nikaitambua harufu ya kila kilichokuwa kwenye kila jiko, limau, bizari, mkaa wa mti gani, na sikuwa na wa kumwambia. Nimewahi kuwa na upweke mwingine baadaye, wa talaka, wa msiba wa mbali. Ule wa kiangazi kile ndio ninaoupimia yote. Gunilla aliporudi nilifurahi mpaka nikamkumbatia, akasimama wima kama nguzo, kisha akanipigapiga mgongoni mara mbili. Alisema huko mashambani aliwaambia ana mafua, na wakamwamini, lakini hawezi kuwa na mafua kila mwaka.

Yote yakaangukia mwezi wa kumi. Kuna wenye migahawa watatu waliokuwa wateja wake wakubwa, na kila mwaka alikuwa akiwaita kuonja mavuno mapya ili waamue watachukua nini mwaka mzima. Wakichukua, anaishi. Wasipochukua, wakulima kule wangetafuta muagizaji mwingine. Tulijiandaa wiki mbili. Asubuhi ya siku hiyo nilifungua kila chupa mimi, nikainusa, mbili nikazikuta zimeharibika nikazipeleka jikoni. Mezani hazikufika ila nilizozipitisha. Gunilla alikuwa amekariri kila neno langu. Wakaja, wakaning'iniza makoti, wakakaa. Mkubwa wao aliitwa Lennart, mtu mnene, mpole, mwenye mgahawa maarufu na masikio mekundu. Mimi nilimimina, nikasimama nyuma. Aina nne nyeupe zikapita vizuri, kimya, kalamu tu zinakwaruza. Gunilla akisema, wanatikisa kichwa. Alikuwa anapendeza siku ile, jamani. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

Kwenye mwekundu wa pili, ule wa mkoa wa Dão, Lennart aliupenda, akaomba tena, na chupa ikaisha. Nikageuka kwenda jikoni kufungua nyingine. Niliporudi mlangoni Gunilla, kwa furaha yake, alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye rafu, amezibua chupa mwenyewe, anamimina kwenye glasi zote huku anaongea. Nilisimama hatua nne kutoka mezani na ikanifikia: boksi lililonyeshewa. Si kidogo. Chupa ilikuwa imeoza. Naye ameinua glasi yake, amenusa, na anawaambia, "Mnaona? Viol. Na matunda meusi yaliyoiva. Hii ni bora kuliko ya kwanza." Wageni walikuwa bado hawajainua zao. Palikuwa na muda. Ningesema tu, "Gunilla, hiyo si nzuri, ngoja nibadilishe," neno la mhudumu yeyote, na angesema samahani, na tungecheka. Lakini kwetu mtu mzima humkosoi mbele ya wageni wake. Unamwita pembeni. Nikasogea, nikainama sikioni kwake, nikasema, "Mama, naomba nikuone jikoni mara moja." Akageuka, uso unang'aa. "Kuna nini? Sema tu hapa hapa, Foibe, hapa hatufichani." Wote watatu wakanitazama. Nikasema, "Hapana, si kitu."

Nikarudi nyuma. Lennart aliinua glasi, akanusa, akaishusha. Wa pili akanusa, akamtazama Lennart. Gunilla anaendelea, viol, matunda meusi, ile baridi ya usiku wa milimani. Lennart akasubiri amalize, kisha akauliza taratibu sana, kama unavyouliza mgonjwa, "Gunilla, unanusa nini kwenye glasi hiyo?" Akaanza kurudia. Akafika katikati, akaona nyuso zao, akanigeukia mimi, na nadhani jibu alilisoma kwangu. Aliweka glasi mezani. "Nina mafua," akasema. "Tangu lini?" akauliza yule wa pili, na Lennart akamgusa mkono anyamaze. Walikunywa maji, wakashukuru, wakachukua makoti. Tuliona miguu yao dirishani imesimama kitambo, inageukiana, inazungumza, kisha ikaondoka.

"Ulijua?" akaniuliza. Nikasema nilijua. "Nilikuambia sema." Nikasema, "Wewe ni mkubwa wangu." Nililisema kama sababu, nikadhani linatosha, na nilimwona anajaribu kulielewa, alijaribu kwa kweli, kisha akaacha. Akaniambia niende nyumbani. Nikasema nioshe glasi kwanza. Akasema ataziosha mwenyewe.

Nilimsimulia Mama Safina kila kitu usiku ule, kwa sababu nililia na alinikuta. Alikaa kwenye kitanda changu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika goti, akasema, "Ulifanya vizuri, mwanangu. Mkubwa hasemwi mbele za watu. Angekuwa mama yako ungemsema?" Nikasema hapana. "Basi." Kesho yake akampigia yule rafiki yake wa Alby, naye akasema nimelelewa vizuri. Nilirudishiwa sahani yangu mezani. Wote walikuwa upande wangu, na mimi nilikula matoke yale nikijua wamekosea, na kwamba hakuna hata mmoja pale ninayeweza kumweleza wamekosea wapi. Nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na nyumba imejaa.

Habari zilizunguka mjini upesi. Mpaka mwezi wa kumi na mbili wakulima walikuwa wameshahamia kwa muagizaji mwingine, na Gunilla akafunga chumba, akaenda kuishi kwa dada yake mashambani. Aliniaga kwa kunipa mkono. Sikuweza kusema samahani, kwa sababu sikujua samahani ya nini, ya adabu? Mwezi wa kwanza Lennart akanipigia simu, akasema anatafuta mtu wa ghala lake la mvinyo mwenye pua, na amesikia ninayo. Nikadhani aliniona siku ile uso ulivyonibadilika. Nilifanya kwake miaka kumi na moja, nikasoma, nikapata vyeti, leo mimi ndiye ninayewachagulia watu mvinyo wa Ureno na wakubwa wa mezani hunisubiri niseme. Na ninasema. Nimewarudishia watu chupa mbele ya wake zao na mabosi wao, bila kupepesa. Lakini kila nilipopata cheo kipya kwenye kazi ile niliona nimekipata juu ya mgongo wa Gunilla, na ndiyo maana nikawa mtu wa kujificha nyuma ya mashine za tiketi.

Jumamosi nilijikaza nikaenda, na maua yangu ya tulipu. Sebule ya nyumba ile ya wazee ilikuwa na keki ya kijani, kahawa, Karin, wajukuu wakubwa, wazee watano sita wa jirani na mhudumu mmoja. Gunilla alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amekuwa mdogo, mikono tu ndiyo ilibaki ile ile. Alinitambua mlangoni. "Foibe!" akaita, na akagonga kikombe kwa kijiko mpaka wote wakanyamaza. "Huyu ndiye. Mwaka mzima huyu alikuwa pua yangu. Na ile siku ya Lennart alijua chupa ni mbovu, akaja kuniambia, lakini mimi nilikuwa nimemkataza kabisa kufungua mdomo mbele ya wageni. Nilikuwa na kiburi. Niliyataka mwenyewe." Wazee wakatikisa vichwa. Ilionekana wameshaisikia hadithi hiyo zaidi ya mara moja. Karin alinitabasamia.

Nilikuwa bado nimesimama na maua. Mkubwa wangu amekaa, miaka tisini, siku yake, mbele ya watoto wake. Nikasema, "Hapana, Gunilla. Si kweli. Hukunikataza. Uliniambia niseme hapo hapo, na mimi nikanyamaza."

Gunilla alinitazama vizuri, macho yake ya kijivu hayakuwa na uzee wowote. "Najua," akasema. "Nilikuwepo. Lakini nani angemwajiri msichana aliyeambiwa sema akanyamaza? Nilimwambia Lennart hivyo wiki ile ile, na kila aliyeuliza."

Niliketi kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Kumbe alikuwa amepoteza pua, kisha kazi, na kilichobaki, jina lake la kuwa mtu mkweli, alikitoa kwa ajili yangu, akajiita mwenye kiburi kwa miaka ishirini na saba, na mimi muda wote ule nilikuwa namkimbia. Nililia pale pale, kwa sauti, mbele ya wazee na wajukuu na keki. Karin alitaka kunipeleka nje. "Mwache," akasema Gunilla, kisha akaniambia, bila kushusha sauti, kila mtu asikie, "Ungekuja mapema, Foibe. Ulikosea sana."

Nikamwambia ndiyo, nilikosea.